Pipa Lililotakiwa Kuonekana

Kabla ya kuwa mtu wa oili, Leonida Akiteng alikuwa mtu wa uji. Alitoka Chakol na sufuria mbili na kata moja, akaja Malaba kuwauzia madereva wa trela waliopanga foleni kuingia Uganda. Foleni za wakati ule zilikuwa zinalala barabarani mpaka dereva anajua majina ya watoto wa muuza uji. Leonida hakuwa msemaji. Alikuwa anaosha vikombe na kuangalia. Siku moja tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, alimwomba amshikie tochi wakati anafungua oili chini ya trela. Mwaka uliofuata ni tanboi aliyekuwa anashika tochi.

Akakodisha kiwanja nyuma ya barabara kuu, akachimba shimo la kumwezesha kusimama chini ya gari, akaandika kwenye bati: OILI HUBADILISHWA HAPA. Kushoto kwake kulikuwa na kibanda cha Jentrix wa chapati, mama mwenye sauti ya kufika mpaka daraja la mto. Kulia kulikuwa na zizi la nguruwe la mzee Egwang, ambaye zamani alivusha magendo na sasa alikuwa amestaafu, ila hajasahau. Nyuma ya zizi hilo kulianza njia ya panya inayoteremka mtoni. Ng'ambo ya mto ni Uganda.

Trela ikinywa oili mpya lazima itapike ya zamani, na ya zamani huwa nyingi, nyeusi, na haina mwenyewe. Leonida aliigawa. Egwang aliwapaka nguruwe wake ili upele usiwashike, akapaka na nguzo za zizi ili mchwa wasile. Jentrix aliloweka gunzi la mahindi ndani yake, akawashia jiko. Wengine walikuja na chupa za soda kuchukua ya kupaka mbwa wenye upele. Mtu akifiwa, kijana alitumwa kwa Leonida kuchukua ya kupaka msalaba. Hakuna aliyeuliza kama kile kitu ni sumu. Nguruwe nao hawakuuliza.

Halafu wenye gereji wote waliitwa mkutano Amagoro. Afisa wa mazingira aliyeitwa Ogendo, mtu mwembamba asiyecheka, alisimama akawaeleza kwamba oili iliyotumika ni taka hatari, na biashara inayotoa taka hatari lazima iwe na leseni.

Leonida aliinua mkono. "Kwa hivyo nahitaji leseni ya kuwa na uchafu?"

"Ndiyo, mama."

"Na nikiwa sina uchafu?"

"Basi huna gereji."

Leonida akaketi. Aliona jibu limenyooka.

Masharti hayakuwa magumu kuelewa, yalikuwa mazito tu kuyabeba. Oili chafu isimwagwe wala isigawiwe mtu. Iwekwe kwenye pipa zima, lenye maandishi ya kusema ndani kuna nini, ndani ya stoo yenye paa na sakafu ya saruji, na sakafu iwe na ukingo ili ikimwagika isitoke nje. Mlangoni kuwe na bango la hatari, mchanga, na mtungi wa kuzima moto. Pipa likijaa, anayelichukua awe ni mtu mwenye leseni yake ya kusafirisha taka. Afisa atakuja kuangalia kwa macho. Atakayekosa, lango lake litafungwa kwa mnyororo.

Lango la Leonida lilikuwa ndilo shamba lake. Watoto wake walisoma kwa lango hilo, na mume wake, Okiria, aliyebaki Chakol na mihogo, alinunua mbegu kwa lango hilo. Kwa hivyo Okiria alikuja, akamwaga saruji kwa mikono yake, akainua ukingo, akaezeka mabati. Alipomaliza alisimama ndani akazunguka na macho.

"Hii nyumba ni nzuri kuliko yetu," alisema.

Leonida akasema ni kweli.

Wakaweka pipa katikati. Leonida akaliandika ubavuni kwa rangi nyeupe: OILI CHAFU, TAKA HATARI. Mlangoni akabandika bango la fuvu la kichwa, akatia kufuli.

Majirani waliona yote hayo. Waliona jinsi Leonida alivyoanza kuwanyima. Egwang alikuja na mkebe wake kama kawaida akaambiwa hakuna.

"Hakuna, na trela mbili zimetoka hapa asubuhi?"

"Iko, lakini haitoki, mzee. Serikali imekataza."

"Haya," Egwang alisema. Akaangalia stoo ya saruji, akaangalia kufuli, akaangalia fuvu. Alirudi kwa Jentrix, akaketi kwenye benchi. "Huyu mama ameanza biashara."

"Ya nini?"

"Sijui. Lakini ni kubwa. Mimi zamani niliandika MBWA MKALI kwa stoo yangu, na sikuwa na mbwa. Huyu ameandika kifo."

Jentrix aligeuza chapati. "Na hatuambii."

"Asituambie. Akituambia atatuharibia. Sisi tukae macho tu."

Ili mtu aelewe kilichofuata, ni lazima ajue desturi moja ya pale. Malaba mtu hafichi mali yake. Mali yake hufichwa na jirani. Gari la serikali likionekana, mwenye sukari ya magendo anaendelea kuketi, na sukari inaondoka yenyewe. Akiulizwa iko wapi, anajibu hajui, na anaweza kushika Biblia akijibu, kwa sababu kweli hajui. Gari likienda, sukari inarudi. Hakuna anayeshukuru na hakuna anayedai shukrani. Jentrix mwenyewe mafuta yake ya kupikia yaliwahi kulala kitandani kwa Egwang, yamefunikwa blanketi kama mgonjwa. Leonida pia alikuwa ameficha vitu vya watu, na vizuri tu. Alichosahau kuwaambia watu, kwa sababu ya ule ukimya wake, ni kwamba safari hii gari la serikali alikuwa ameliita mwenyewe.

Siku ya ukaguzi ilifika. Leonida alifagia stoo, akafungua mlango ili harufu itoke, akajaza mchanga kwenye ndoo, akafuta fuvu vumbi. Gereji yake haikuwa rahisi kupata kwa mgeni, kwa hivyo akapanda boda mpaka Amagoro kumchukua Ogendo. Ogendo akamwambia aingie kwenye gari lake. Ni gari la serikali, lina alama mlangoni. Leonida aliketi nyuma, mikono mapajani, akinyamaza kama anavyonyamaza siku zote.

Jentrix alikuwa kwenye kona akinunua unga. Aliliona gari. Aliona alama mlangoni. Halafu, kwenye kiti cha nyuma, akamwona Leonida.

Alitoa simu. "Mzee," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani akasema polepole, "wamemshika Leonida. Wanakuja naye."

Egwang hakuuliza swali. Alimpigia mluzi Collins wa mkokoteni.

Gari lilipoingia langoni, kila kitu kilikuwa kimya. Leonida alimwongoza Ogendo mpaka stoo, akasimama kando ili mgeni aone mwenyewe. Ogendo aliangalia paa, akaandika. Aliangalia ukingo, akaugusa kwa kiatu, akaandika. Aliangalia ndoo ya mchanga, mtungi wa kuzima moto, na fuvu. Halafu akaangalia katikati ya sakafu, mahali palipokuwa na duara jeusi la kutosha pipa moja.

"Mama," alisema, "taka iko wapi?"

Leonida alichungulia ndani. "Ilikuwa hapa."

"Ilikuwa."

"Asubuhi ilikuwa hapa. Pipa limejaa."

Ogendo alifunga kalamu yake. Katika kazi yake alikuwa amezoea watu kumkuta amesimama juu ya taka zao wakaapa si zao. Huyu alikuwa wa kwanza kudai taka ambazo hazipo.

"Mama Leonida, nisikilize. Siwezi kupitisha stoo ya kitu ambacho sijakiona. Na kama kilikuwepo, sasa ni lazima nijue kimebebwa na nani, na huyo aliyebeba ana leseni ya kubeba au hana." Alitazama upande wa zizi, mahali njia inapoanzia. "Na kama kimevuka mto, hiyo si kazi yangu tena. Kupeleka taka hatari nchi ya wengine, hiyo ni kazi ya wakubwa."

"Haijavuka," Leonida alisema, akiomba iwe hivyo.

"Nitakunywa chai hapo nje. Chai ikiisha bila pipa, nitaandika nilichokiona. Na nilichokiona ni sakafu."

Leonida alitoka mbio kwenda kwa Jentrix.

"Jentrix, pipa langu liko wapi?"

Jentrix alimtazama, akamtazama Ogendo aliyekuwa anavuta benchi, akainua sauti mpaka barabarani. "Pipa gani, dada? Wewe kwani ulikuwa na pipa? Boss, karibu chai. Huyu mama ni mtu wa kanisa, hajui mapipa."

"Jentrix, sitanii. Nataka alione."

"Naelewa, dada," Jentrix alisema, akamkonyeza.

"Usinikonyeze! Nimemleta mwenyewe!"

"Eeh. Umemleta mwenyewe." Akamkonyeza tena, kwa huruma kubwa zaidi.

Leonida aliruka mtaro mpaka kwa Egwang. Mzee alikuwa ameketi mbele ya zizi lake, hana kazi yoyote, na anaifanya kwa bidii. Leonida alimsemesha kwa Kiteso ili mgeni asisikie. Alimwambia kila kitu, mkutano, leseni, saruji ya Okiria, mnyororo. Alimaliza pumzi. Hakuna mtu wa pale aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, na hilo ndilo lililomharibia.

"Wamekutisha sana," Egwang alisema kwa upole. "Hata mimi waliponishika mwaka ule nilisema mpaka jina la babu yangu. Tulia. Funika kombe."

"Mzee, nakuapia mbele ya Mungu."

"Petro alikana mara tatu na bado akapewa ufunguo. Wewe kana tu."

Ogendo alikuwa amewafuata na kikombe chake mkononi. Alisimama kwenye ua akamwangalia nguruwe aliyekuwa anang'aa kama kiatu cha polisi.

"Mzee, nguruwe huyu ni wa rangi gani?"

"Ya kwake," Egwang alijibu.

Ogendo alikunywa chai. Kikombe kilikuwa nusu.

Leonida alirudi akaketi juu ya tairi. Alijua hawezi kuwakasirikia. Wote walikuwa wanamtendea vile yeye angewatendea. Kadiri Ogendo anavyokaa ndivyo pipa linavyokaa mbali, na Ogendo akiondoka, pipa litarudi likute lango lina mnyororo. Angelia, wangesema amepigwa. Angepiga kelele, wangesema amerukwa na akili kwa hofu. Aliwafikiria mmoja mmoja, kama mtu anayepima oili kwa kijiti kabla ya kuamua. Hawa watu, alijiambia, watamficha kitu afisa, watamficha padri, watamficha hata mwenyewe. Kuna mtu mmoja tu ambaye hawajawahi kumficha kitu.

Akainuka, akaenda kwa Ogendo.

"Bwana Ogendo, naomba uvue hiyo jaketi."

Ogendo alijiangalia. Ilikuwa jaketi ya kijani yenye mistari ya kung'aa na kitambulisho kifuani. "Kwa nini?"

"Kuna joto."

Kulikuwa na mawingu. Ogendo alimwangalia kwa muda, akaivua, akaikunja, akaiweka kwenye gari.

Leonida alisimama katikati ya lango. Hakuwa mtu wa uongo, na hata huu aliutoa kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. "Jentrix! Mliogopa bure. Huyu si wa serikali. Gari ni la kukodisha. Ni mnunuzi. Anataka oili chafu, yote, na akikosa hapa anaenda Busia kununua kwa wengine."

Ogendo alisikia. Aliinua uso akaangalia paa la stoo, kama mtu aliyekumbuka kuna msumari hakuukagua.

Jentrix aligeuza chapati moja. Halafu Egwang akapiga mluzi.

Pipa lilirudi kwa mkokoteni, Collins akisukuma na wengine wawili wakizuia nyuma. Maandishi yalikuwa mazima. Chini lilikuwa limelowa maji mpaka robo.

"Hili limelowa na nini?" Ogendo aliuliza.

"Umande, boss," Collins alisema. Saa hizo ilikuwa saa sita mchana.

Lakini halikurudi peke yake. Nyuma ya mkokoteni alikuja Egwang na jerikani mbili alizokuwa ameweka akiba tangu siku za kugawiwa. Jentrix alileta ndoo yenye magunzi yake yakielea. Wakaja kina mama wa chupa za soda, akaja fundi wa baiskeli na karai, akaja mtu asiyejulikana na betri ya gari iliyokufa, akaiweka kwenye mstari na wengine, kwa sababu mnunuzi ni mnunuzi. Walijipanga vizuri kuliko foleni ya trela.

"Mimi yangu ni ya kwanza," Jentrix alisema. "Ndiyo safi."

"Safi na magunzi?" Egwang alisema. "Yangu haina hata mdudu. Nguruwe ni mashahidi."

Ogendo alikwenda kwenye gari, akatoa jaketi, akaivaa. Akafunga zipu mpaka juu. Kitambulisho kikaning'inia kifuani, na kila mtu akakiona.

Hakuna aliyekimbia. Mtu hawezi kukimbia huku mkono wake umeshika kifuniko cha jerikani mbele ya afisa. Jentrix alimtazama Leonida kama ambavyo hajawahi kumtazama.

"Naona taka hatari nyingi," Ogendo alisema. "Kuiweka bila leseni ni kosa, kwa lita moja au kwa pipa. Sasa naomba mniambie. Hii yote ni ya nani?"

Walitazamana. Desturi ina jibu moja tu.

"Ya Leonida," Egwang alisema.

"Ya Leonida," wakasema wengine, mpaka yule wa betri.

Ogendo alimgeukia. "Mama? Uliomba leseni ya pipa moja. Nikiona zaidi ya uliyoomba, naweza kukurudisha mwanzo kabisa, na mnyororo ninao kwenye gari. Ukisema si yako, nitaandika majina ya hawa, na wewe tutaendelea na pipa lako."

Leonida aliangalia ule mstari. Aliangalia ndoo ya Jentrix. Aliangalia Collins, suruali imelowa umande mpaka magotini kwa ajili ya pipa ambalo hakuambiwa hata lina nini.

"Ni yangu," alisema. "Yote ilitoka chini ya magari niliyofungua mimi. Betri tu ndiyo siijui, lakini nayo iache."

Ogendo akafungua kalamu.

"Kwa hivyo mzalishaji ni mmoja," alisema akiandika, "na sasa taka yote iko mahali pamoja, ndani ya ukingo. Iingizeni." Alingoja mpaka chupa ya mwisho ya soda ikawekwa ndani. "Stoo ni ndogo, mama. Ongeza mapipa mawili, na ukingo uinuke tofali moja. Betri ikae kando, haikai na oili. Ukimaliza niite. Mnyororo leo nitarudi nao."

Okiria alikuja tena kutoka Chakol na saruji. Safari hii Egwang alimchanganyia kokoto, na Jentrix akaleta chapati bila kuombwa, ingawa hakuongea na Leonida mpaka ukingo ulipokauka. Lori la kubeba taka, lenye leseni yake, lilikuja likachukua yote. Majirani walisimama kando ya barabara wakiangalia.

"Amekupa ngapi?" Egwang aliuliza.

"Hajanipa. Ni mimi namlipa abebe."

Egwang alitikisa kichwa kwa heshima. "Siri yako iko salama," alisema.

Nguruwe wake walioga mvua mbili tatu, na ikaonekana kumbe walikuwa weupe.

Leseni ilitoka. Leonida aliitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika kwa msumari mlangoni mwa stoo, chini ya fuvu, mahali ambapo kila dereva angeiona. Aliipangusa kila asubuhi kabla ya kushuka shimoni.

Wakati wa ukaguzi uliofuata, Ogendo hakuhitaji kuelekezwa. Gari lilionekana likikata kona ya unga, likaingia langoni, naye akashuka moja kwa moja mpaka stoo. Leonida alipanda kutoka shimoni akifuta mikono, akamfuata. Mapipa yalikuwepo, yote matatu, yamejaa na yameandikwa. Ukingo ulikuwepo. Mchanga ulikuwepo.

"Leseni?" Ogendo aliuliza.

Leonida alinyoosha kidole mlangoni. Kulikuwa na msumari.

Wote wawili waliuangalia. Upande wa pili wa ua, Jentrix alikuwa anakanda unga na kuimba wimbo wa kanisa, na mzee Egwang alikuwa ameketi mbele ya zizi lake, hana kazi yoyote.

Ogendo alifungua zipu, akavua jaketi mwenyewe, akaenda kukaa kwenye benchi akaagiza chai.